Unanunua pikipiki iliyotumika? Isikilize kabla ya kutoa pesa

Hapa Kakuma na Kalobeyei, pikipiki ni kazi, na usiku mara nyingi ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitalini. Watu wengi hununua iliyotumika, kwa akiba ya miezi mingi au pesa za kikundi. Muuzaji anajua ugonjwa wa pikipiki yake, lakini wewe huujui. Maelezo haya yatakusaidia kuutambua, hata kama wewe si fundi.

Anza injini ikiwa baridi

Nenda asubuhi, na kabla ya kuwasha, sogeza mkono taratibu karibu na injini. Ikiwa ina joto, huenda imewashwa kabla hujafika ili kuficha ugumu wa kuwaka. Omba urudi ikiwa imepoa.

Kisha angalia oili. Ikiwa imepungua sana, usiiwashe. Ukiona vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa ndani ya oili, kuna kitu kinasagika ndani ya injini.

Je, haiwaki? Fuata hatua hizi

1. Angalia mambo madogo kwanza. Je, tangi lina petroli? Je, koki ya petroli imefunguliwa? Je, swichi nyekundu ya kuzima injini iko mahali pa kuwasha?

2. Bonyeza starta. Ukisikia "tak" tu na injini haizunguki, mara nyingi ni betri dhaifu au vichwa vya betri vilivyolegea au kushika kutu. Piga kiki. Ikiwaka kwa kiki, huenda shida iko kwenye betri au starta, na injini yenyewe ni nzima.

3. Mwombe fundi afungue plagi. Ya kahawia hafifu ni dalili nzuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi hewa, na hapa kwetu penye vumbi, anza kwa kuangalia kichujio cha hewa. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui, kwa hiyo fundi apime moto wa plagi. Ikiwa imelowa oili, huenda ringi za pistoni au vali zimechoka.

4. Ikiwa plagi ni kavu kabisa baada ya kupiga kiki mara nyingi, petroli haifiki. Kabureta au bomba la petroli huenda limeziba.

Tahadhari: moto wa plagi upimwe mbali na petroli iliyomwagika, na asiwepo mtu anayevuta sigara karibu.

Sikiliza sauti, kisha angalia moshi

• "Tik tik tik" nyepesi kutoka juu ya injini: mara nyingi vali zinahitaji kurekebishwa. Kazi hii si kubwa.
• Mlio wa cheni ubavuni mwa injini: huenda cheni ya taimingi imelegea.
• "Puf puf" karibu na mahali ekzosi inapofungwa kwenye injini: gasketi inavuja. Ni rahisi kutengeneza.
• Mgongo mzito kutoka chini, unaozidi ukiongeza mafuta au ukibeba mzigo: usinunue. Huenda beringi ya konrodi imekwisha, na injini itafunguliwa yote.

Moshi wa bluu usioisha maana yake oili inaungua. Kichujio kikiwa kimepasuka au kimetolewa, vumbi huingia na kusaga ringi na silinda. Moshi mweusi maana yake petroli inazidi. Kumbuka pia kwamba oili nzito inaweza kupunguza kelele na moshi kwa muda. Kwa hiyo iendeshe angalau dakika 20, ukiwa na abiria, na upite kwenye mchanga. Kisha izime na uiwashe tena ikiwa moto. Ikikataa sasa, tatizo ni la kweli.

Kabla ya kulipa

Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye hati za umiliki. Nambari zilizokwaruzwa ni dalili ya hatari: pikipiki inaweza kuwa ya wizi, na ukikamatwa nayo utapoteza pikipiki na pesa, na unaweza kushtakiwa. Karatasi ya makubaliano peke yake haihamishi umiliki. Nchini Kenya uhamisho hupitia NTSA, kwa hiyo uliza mapema kama kitambulisho ulicho nacho kinakubaliwa.

Nenda na fundi unayemwamini, asiwe wa muuzaji. Mlipe kwa muda wake. Kasoro ndogo zitumie kupunguza bei. Na muuzaji akikukataza kuijaribu, akisema wateja wengine wanasubiri, mwache awauzie hao.