Mbona korona huenea hata katika nyumba iliyochanjwa?

WATU wengi huuliza: Ikiwa kila mtu nyumbani amechanjwa dhidi ya korona, mbona ugonjwa huo ukimpata mmoja, wengine nao hufuata? Basi chanjo ina faida gani?

Swali hili ni la haki, na jibu lake hupatikana tukielewa jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi.

Mtu anapochanjwa, au anapougua na kupona, mwili wake hujipatia kinga za namna mbili. Ya kwanza ni kingamwili, yaani protini ndogo zilizomo katika damu na katika utando wa pua na koo. Hizi ni kama askari wa langoni. Kazi yake ni kuikamata miiba ambayo virusi huitumia kuingilia mwilini. Kinga ya pili ni chembe nyeupe za damu zenye kumbukumbu. Hizi hazimzuii adui kuingia, bali humwandama akishaingia, kabla hajaharibu mapafu.

Askari wa langoni ana udhaifu wa aina mbili. Kwanza, idadi yake hupungua miezi kadhaa baada ya chanjo. Pili, yeye humtambua adui kwa sura. Virusi vikibadilisha miiba yake, hupita bila kutambuliwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa aina ya Omicron, iliyotangazwa na Afrika Kusini Novemba 2021. Miiba yake ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30.

Nyumba ndipo mahali ambapo jambo hili huonekana wazi, kwa kuwa jamaa hukaa pamoja kwa saa nyingi na kuvuta hewa moja. Nchini Denmark, mnamo Desemba 2021, aina za Delta na Omicron zilikuwa zikienea kwa wakati mmoja. Watafiti walichunguza maelfu ya nyumba ambamo mtu mmoja alikuwa ameambukizwa. Waligundua kwamba kati ya kila watu 100 walioishi na mgonjwa wa Delta, 21 waliambukizwa. Kwa Omicron, walikuwa 29.

Lakini jambo la kushangaza ni hili. Kwa watu ambao hawakuchanjwa, tofauti kati ya aina hizo mbili ilikuwa ndogo sana. Kwa waliochanjwa ilikuwa kubwa, na kubwa zaidi kwa waliopata dozi ya nyongeza. Maana yake ni kwamba Omicron iliishinda Delta hasa kwa sababu ya kuikwepa kinga.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema kwamba chanjo ni bure. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba waliopata dozi ya nyongeza waliambukizwa kwa uchache kuliko wasiochanjwa, hata kwa Omicron. Tena, walipougua, hawakuwaambukiza jamaa zao sana. Na ile kinga ya pili, ya chembe zenye kumbukumbu, haidanganywi kwa urahisi. Ndiyo sababu wengi waliochanjwa waliugua mafua tu, wala hawakulazwa hospitalini.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura mnamo Mei 5, 2023, lakini virusi vyenyewe vingalipo na vinaendelea kubadilika. Kwa hivyo, mtu akianza kukohoa nyumbani, fungueni madirisha. Mgonjwa na avae barakoa na, ikiwezekana, alale peke yake. Ikiwa familia inaishi katika chumba kimoja, alazwe karibu na dirisha, mbali na nyanya, babu na mwenye ugonjwa wa sukari au wa moyo. Hao ndio wa kwanza kuulizia chanjo ya nyongeza katika kituo cha afya.

Mgonjwa akipumua kwa shida, akiumwa na kifua mfululizo au akichanganyikiwa, msingoje. Mpelekeni hospitalini mara moja.