Krismasi ya madukani imewahi, mzazi chunga betri za rimoti na midoli

KALENDA ya maduka haifuati kalenda ya kanisa. Kanisani, Majilio huanza Jumapili nne kabla ya Desemba 25. Madukani mambo ni mengine kabisa. Jijini London, duka kubwa la Selfridges hufungua sehemu yake ya Krismasi kabla hata Septemba haijaingia. Ufilipino nako nyimbo za Krismasi huanza kusikika Septemba, kwa sababu wenyeji huihesabu miezi yote minne ya mwisho wa mwaka kuwa msimu wa sikukuu.

Huku kwetu hatujafika huko, lakini Novemba ikiwa bado mbichi, taa za kumetameta, miti ya plastiki na midoli ya betri huwa vimeshapangwa mbele ya maduka. Watoto wanaona, wanaomba, na mzazi anaanza kupiga hesabu.

Wazazi wengi hulalamikia mfuko, na wana haki. Desemba ikitumika vibaya, Januari ya ada, sare na madaftari huwa ndefu mno. Lakini kuna upande mwingine unaozungumzwa kidogo, nao ni wa afya. Msimu ukianza mapema, vifaa vidogo vya betri navyo huingia nyumbani mapema na kukaa humo kwa muda mrefu. Mtoto anayetambaa anapata wiki nyingi zaidi za kuvichokonoa.

Treni yenyewe imebadilika

Mfano mzuri wa namna vitu vya kuchezea vilivyobadilika ni treni ndogo ya umeme, zawadi ya Krismasi inayopendwa kwa miaka mingi Ulaya na Marekani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza mwaka 1859, na Lionel ya Marekani mwaka 1900. Katika nyumba nyingi za huko, treni hutandikiwa reli zake kuzunguka mti wa Krismasi, na baba na watoto hukaa sakafuni kuiendesha.

Zamani kazi ilikuwa rahisi. Kulikuwa na boksi moja lenye kitufe cha kuzungusha. Ukizungusha, umeme mwingi zaidi unaingia kwenye reli na treni inaongeza mwendo. Ukiweka treni mbili kwenye reli hiyo hiyo, zote zinaondoka pamoja.

Viongozeo vipya vya kidijitali hufanya kazi tofauti. Umeme hukaa kwenye reli wakati wote, na ndani ya kila kichwa cha treni kuna chipu yenye namba yake. Mtoto akichagua namba, treni hiyo peke yake ndiyo inayoitika. Inawasha taa, inapiga honi na kupunguza mwendo. Siku hizi hata simu ya mkononi inaweza kuwa kiongozeo. Kampuni ya Hornby ya Uingereza ina mfumo unaoendesha treni kwa Bluetooth kupitia programu ya simu.

Treni za aina hiyo hazikutengenezwa kwa mtoto wa miaka miwili. Kwake kuna seti nyepesi zenye rimoti ya mkononi. Rimoti nyingi za namna hiyo hutumia betri za kawaida, zile nyembamba ndefu. Tatizo kubwa liko kwenye rimoti nyembamba na vifaa vidogo vinavyotumia betri bapa za duara, ambazo wengi huziita betri za saa.

Zimejificha wapi?

Betri hizi huwa ndani ya rimoti ndogo za taa za mapambo, mishumaa ya plastiki inayowaka bila moto, kadi zinazoimba ukizifungua, kofia na pini zinazomulika, funguo za gari na mizani ya jikoni. Vingi kati ya hivyo haviuzwi kama vitu vya watoto, kwa hiyo mzazi havihofii.

Inayotisha zaidi ni ile yenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, ambayo mara nyingi huandikwa CR2032. Upana wake unatosha kukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka minne.

Inaunguza, hata ikiwa ‘imekufa’

Watu wengi hudhani hatari ni betri kupasuka na kuvuja sumu. Sivyo. Ikikwama kooni, majimaji ya mwilini huunganisha pande zake mbili na umeme huanza kupita. Umeme huo hutengeneza kemikali kali mfano wa magadi ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza nyama ya koo. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili tu.

Kidonda hicho kinaweza kutoboa njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu ulio jirani. Wapo watoto waliotokwa na damu siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Na betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado huwa na umeme wa kutosha kuunguza koo.

Marekani, mtoto Reese Hamsmith wa jimbo la Texas alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, baada ya kumeza betri ya rimoti. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyopewa jina lake, Reese's Law, ili sehemu ya betri katika bidhaa za nyumbani isifunguliwe kirahisi na mtoto. Mwaka huo huo Australia nayo ilianza kutumia viwango vya lazima kwa bidhaa zenye betri hizi.

Dalili zinazodanganya

Mzazi asiyemwona mtoto akimeza anaweza kudhani ni mafua au tumbo. Mtoto hutokwa na udenda, hukohoa, hukataa chakula, hutapika, hupumua kwa sauti au hulalamika kifua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni.

Ukimshuku mtoto, usisubiri dalili. Mpeleke haraka hospitali yenye eksirei na useme wazi kwamba huenda amemeza betri, kwa sababu kwenye picha inaweza kufanana na sarafu. Kama umeona pakiti au kifaa ilikotoka, nenda nacho.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala chakula. Kituo cha sumu cha Marekani, National Capital Poison Center, kinaruhusu kitu kimoja, asali. Hupewa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita. Kipimo ni vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza makali ya kuungua, haitibu. Kama haipo nyumbani, usiende kuitafuta dukani, nenda hospitali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa.

Betri ikiwa puani au sikioni, nayo ni dharura. Usiitoe kwa kibanio wala kuweka dawa ya matone.

Kabla hujalipa

Pindua kifaa uangalie mfuniko wa betri. Unapaswa kufungwa kwa skrubu. Kama unafunguka kwa ukucha wako, mtoto naye ataufungua.

Soma umri kwenye boksi. Alama ya uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari, yenye 0-3, maana yake kitu hicho hakimfai aliye chini ya miaka mitatu. Alama hiyo haihusu akili ya mtoto, inahusu vipande anavyoweza kumeza. Kwa hiyo usinunue ‘cha wakubwa’ kwa kuwa mwanao ni mjanja.

Nyumbani, angalia skrubu zote kabla ya kumpa mtoto. Kifaa kilichoanguka na kupasuka kitolewe mara moja. Betri za akiba zikae juu, kwenye kabati linalofungwa. Zilizoisha zifunikwe kwa utepe wa gundi pande zote mbili, zitupwe mbali na mikono ya watoto.

Mkubwa akipewa treni au gari la rimoti, aambiwe sababu ya kutomwachia mdogo wake. Watoto wa miaka minane huelewa wakielezwa, na mara nyingi ndio wa kwanza kuona betri imedondoka chini ya kochi.

Maduka hayatasubiri Desemba kwa sababu familia zimechoka. Zawadi inaweza kusubiri, na kama imeshanunuliwa, bisibisi ya dakika mbili leo ni bora kuliko eksirei usiku wa mkesha.