Mwanafunzi Mgeni Jijini Dar es Salaam: Zijue Haki Zako Kabla Hujalipa

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kuanza, vijana kutoka Burundi, Kongo, Komoro, Uganda na nchi nyingine huwasili Dar es Salaam kujiunga na vyuo vikuu. Wapo wanaofika kwa ndege, na wapo wanaoshuka basi katika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, baada ya safari ndefu. Wengi wao huja na fedha za matumizi ya miezi mingi, ambazo wazazi na ndugu wamechangishana kwa shida. Fedha hizo zinaweza kupotea katika juma la kwanza, kabla mwenye nazo hajaingia darasani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi naye, ifikapo siku ya tatu, huwa amekwisha kubadili fedha, kusajili laini ya simu na kutafuta chumba. Ameacha kuwa mgeni, amekuwa mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji dhidi ya udanganyifu katika biashara, haimuulizi mnunuzi uraia wake. Hata hivyo, haki hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi huo hupatikana kabla ya kulipa au wakati wa kulipa. Makala hii inaeleza namna ya kuupata katika mambo ambayo mwanafunzi mgeni hukutana nayo kwanza.

Chumba cha kupanga

Kabla ya kutafuta chumba mtaani, ulizia nafasi katika hosteli za chuo kupitia ofisi inayoshughulikia ustawi wa wanafunzi. Ukikosa, huenda utakutana na dalali. Kwa desturi ya jiji hili, dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo.

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni shilingi 900,000. Ukiongeza ujira wa dalali, jumla ni shilingi 1,050,000. Mwanafunzi anayekabidhi kiasi hicho kwa mtu aliyekutana naye asubuhi ileile, kwa sababu tu ameambiwa kwamba yupo mteja mwingine njiani, anajiweka katika hatari kubwa. Aliyepokea fedha anaweza kuwa si mwenye nyumba wala msimamizi wake, na chumba hichohicho kinaweza kuwa kimeshalipiwa na watu wengine.

Kinga yake ni nyepesi. Fika kwenye nyumba na uzungumze na wapangaji waliopo. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uulize kama anayedai kuwa mwenye nyumba anafahamika. Mkataba uwe wa maandishi, utaje kiasi cha kodi, muda, masharti ya kuhama na hali ya chumba siku ya kukabidhiwa, na usainiwe mbele ya mashahidi. Viongozi wa mtaa wamezoea kushuhudia mikataba ya namna hii. Mwenye nyumba wa kweli hana sababu ya kukwepa ofisi hiyo.

Fedha na vibali

Badilisha fedha benki au katika duka la kubadilishia fedha lenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na uchukue risiti. Usikubali kubadilishiwa kando ya barabara, hata kama bei inaonekana nzuri zaidi.

Ufahamu pia kwamba kanuni zilizoanza kutumika mwezi Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa na kanuni hizo. Mwenye nyumba anayemwambia mwanafunzi mgeni kuwa kodi yake ni ya dola anakwenda kinyume na utaratibu huo.

Malipo ya kibali cha ukaazi na huduma nyingine za serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na taasisi husika. Anayekuomba umpe fedha mkononi ili akuharakishie kibali ni kishoka. Fedha hizo hazina risiti, na kibali atakacholeta kinaweza kuwa cha bandia.

Umeme na maji

Nyumba nyingi hutumia mita za LUKU, ambazo hulipiwa kabla ya matumizi. Uliza mapema kama chumba kina mita yake au kinachangia na vingine. Nyumba zilizo katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa bei nafuu. Wapangaji wengi wanapotumia mita moja, kiwango hicho huvukwa kwa urahisi, na kila mmoja huchangia kwa bei ya juu. Namna ya kugawana gharama iandikwe katika mkataba.

Jambo jingine huwashangaza wageni wengi: tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye jengo. Ikikatwa katika umeme ulionunua wewe, tunza ujumbe wa muamala na mkubaliane namna ya kurejeshewa, kwa mfano kwa kupunguza kodi ya pango. Kwa upande wa maji, omba kuona ankara ya mwisho kabla ya kuhamia, usije ukarithi deni la mpangaji aliyetangulia.

Laini ya simu

Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti yake. Fanya usajili katika duka la kampuni ya simu au kwa wakala anayetambulika. Wakala akikutaka urudie kuweka kidole mara kadhaa, muulize sababu, kwani wapo wanaotumia mwanya huo kusajili laini nyingine kwa jina lako. Baada ya usajili, piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa utambulisho wako. Ukiona usiyoitambua, irejeshe kwa kampuni husika ifutwe, kwa kuwa uhalifu utakaofanywa kwa namba hiyo utakutafuta wewe.

Muda si mrefu utapokea ujumbe usemao, «Ile hela itume kwenye namba hii.» Watumaji huusambaza kwa watu wengi, wakitumaini kumpata mmoja aliyekuwa akisubiri maelekezo ya malipo, kwa mfano mwanafunzi aliyeahidi kutuma kodi. Usijibu. Mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba unayoifahamu, na ujumbe huo uupeleke kwenda 15040.

Usafiri na manunuzi

Nauli za daladala na mabasi yaendayo haraka hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), hivyo kondakta hana mamlaka ya kuzipandisha kwa sababu abiria ni mgeni au mvua inanyesha. Kwa bodaboda na bajaji, patana bei kabla ya kupanda.

Unaponunua godoro, jiko au simu, dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Kuidai ni wajibu wako kisheria, na ndiyo uthibitisho wako wa kwanza ukipata tatizo. Tangazo la dukani lisemalo kuwa mali ikishauzwa hairudishwi halifuti haki ya mnunuzi aliyeuziwa bidhaa mbovu. Kabla ya kulipia simu, piga *#06# uone namba yake tambulishi, kisha itume kwenda 15090 ujue kama ni halisi.

Ukidhulumiwa

Anza kwa kulalamika kwa aliyekuuzia au kukuhudumia, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Usiporidhika:

- huduma za simu: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA);
- umeme na maji: Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA);
- usafiri wa barabarani: LATRA;
- bidhaa bandia na udanganyifu katika biashara: Tume ya Ushindani (FCC);
- mgogoro wa pango: serikali ya mtaa, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya;
- wizi na utapeli: kituo cha polisi kilicho karibu.

Wageni wengi hunyamaza wakidhani kwamba kulalamika ni haki ya wenyeji peke yao, au kwamba kutaleta matatizo katika kibali chao. Kudai haki ya mlaji si kosa. Mkataba, risiti na ujumbe wa muamala viweke mahali pamoja, na picha zake uzihifadhi katika simu. Siku utakapovihitaji, ndivyo vitakavyosema kwa niaba yako.