Maziwa ya farasi si mbadala wa maziwa ya mama

Unga wa maziwa ya farasi unauzwa Ulaya na kwenye intaneti, na huenda umeambiwa kwamba "yanafanana na ya mama". Kama una mtoto anayesumbuliwa na maziwa ya ng'ombe, soma haya kabla hujanunua.

Mongolia na Kazakhstan, ambako farasi hulishwa nyasi za malishoni, watu wameyanywa kwa karne nyingi, hasa yakiwa yamechachushwa. Ni mepesi na matamu. Katika kila gramu 100, sukari yake ni gramu 6 hadi 7, karibu sawa na ya mama. Protini ni kama gramu 2. Ya ng'ombe hupita 3, na huganda tumboni kuwa mabonge magumu zaidi. Hapo kweli yanafanana.

Shida iko kwenye mafuta. Maziwa ya mama yana takriban gramu 4, ya farasi mara nyingi hayafiki 2. Ni mafuta mazuri: farasi hacheui, kwa hiyo omega-3 ya majani mabichi huingia kwenye maziwa bila kupotea sana kama kwa ng'ombe. Lakini mtoto mchanga hupata karibu nusu ya nguvu zake kwenye mafuta. Akipewa haya peke yake, tumbo litajaa na uzito hautapanda. Sisi tunaopima watoto kila mwezi tunaliogopa hilo.

Chini ya miezi 6, mnyonyeshe tu. Ukishindwa, njoo kliniki tukushauri maziwa ya kopo yanayomfaa. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anaweza kudhurika hata na ya farasi, usimjaribishie nyumbani. Yaliyochachushwa yana kileo kidogo. Mtoto na mjamzito wasinywe.