Taya likivimba, usikimbilie kung'oa jino

MTOTO wako akivimba taya utadhani nini? Wazazi wengi, wawe Keroka au Nyamira mjini, watasema ni jino. Mtoto hung'olewa, uvimbe ukazidi, na jino la pili nalo likaanza kulegea. Wiki mbili zimepotea bure.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya saratani inayoshambulia mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa huu hupatikana zaidi mahali penye joto na mbu; milimani ulikuwa haba. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ni cha ukoo mmoja na kile kinacholeta malengelenge ya midomo.

Usishtuke, pengine hata wewe unacho! Watu wazima zaidi ya 9 katika kila 10 duniani wanacho. Huambukizwa kwa mate, kisha huingia katika zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza silaha za kinga, na kujificha humo maisha yote. Ni mwizi aliyepanga chumba katika kituo cha polisi. Chembe nyingine za kinga hufanya doria na kukipiga kila kinapochomoza.

Malaria ndiyo huharibu mambo. Ikimrudia mtoto mara kwa mara, askari wa doria huchoka, na chembe zenye kirusi huchochewa kuzaana ovyo. Katika pilikapilika hizo urithi wa chembe moja hukatika na kuungwa mahali pasipofaa, ikawa haijui tena kukoma. Uvimbe waweza kukua maradufu kwa siku mbili tu.

"Lakini sisi tuko juu," utasema. Kweli, Kisii na Nyamira kuna mbu wachache kuliko Homa Bay au Kisumu. Hata hivyo, milima hii imewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, na likizo zikifika watoto wangapi hawaendi kwa shangazi kandokando ya ziwa?

Habari njema ni kwamba saratani hii husikia dawa upesi, na watoto wengi wanaofikishwa hospitali mapema hupona, mara nyingi bila kupasuliwa. Kwa hiyo kabla jino halijaguswa, mwombe daktari achukue kipande cha uvimbe kipimwe.