Mitumba: Kagua Kabla ya Kulipa

Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Mombasa, safari ya kununua nguo huanzia Kongowea. Sokoni humo, shilingi 500 zinaweza kumpatia mtoto shati na suruali za kuvaa mwaka mzima. Shilingi hizo hizo zinaweza pia kupotea kwa suruali itakayochanika kabla ya wiki kwisha. Mara nyingi tofauti si bahati, bali ni dakika chache za kukagua nguo kabla ya kutoa pesa. Makala haya yanaeleza unachopaswa kuangalia, na kwa nini.

Muuzaji naye hakujua kilichomo

Nguo za mitumba hufika zikiwa zimefungwa katika marobota, na robota la kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hivi. Mfanyabiashara hulinunua likiwa limefungwa. Akishalifungua ndipo anapojua kama amepata mali safi au hasara. Zile nguo bora kabisa, ambazo wafanyabiashara huziita kamera, hutengwa na kuuzwa kwanza. Hufuata za wastani, na mwishowe hubaki fagia, yaani masazo yanayomwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana anayefika asubuhi marobota yanapofunguliwa huwa na nafasi ya kuchagua, na anayefika jioni huwa na nafasi ya kupunguziwa bei. Kila mmoja ana faida yake. La muhimu ni kujua umesimama mbele ya rundo gani.

Sheria inamtaka mnunuzi afungue macho

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) inaeleza kwamba mnunuzi akishakagua bidhaa, hawezi baadaye kudai kuhusu kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa maneno mengine, ukiishika blauzi, ukaigeuza na kuilipia, tundu lililo wazi mgongoni ni lako. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Kazi yako ni kuiona ila hiyo kabla ya kulipa.

Hatua za ukaguzi

*1. Inua nguo kwenye mwanga.* Ishike juu ukielekeza kwenye jua, au washa tochi ya simu kwa upande wa ndani. Matundu ya wadudu na sehemu zilizosagika zitaonekana. Kwa suruali, hasa ya jinzi, angalia katikati ya mapaja na makalioni. Kitambaa kilichokonda hapo hakitakaa, hata kama sehemu nyingine ni mpya.

*2. Geuza ndani nje.* Mshono mzuri una nyuzi zilizokaribiana na zisizoning'inia. Vuta taratibu pande mbili za mshono. Ukiona nafasi zinafunguka, nguo hiyo inakaribia kuachana. Kwa nguo za watoto, angalia pindo la chini. Pindo pana linaweza kushushwa mtoto anaporefuka, na hivyo nguo ikamfaa muda mrefu zaidi.

*3. Chunguza kola, makwapa na pindo za mikono.* Hapa ndipo jasho hukaa. Rangi ya manjano iliyokolea kwenye makwapa ya shati jeupe ni doa la siku nyingi, na mara nyingi halitoki. Usinunue kwa matumaini kwamba sabuni yako itashinda.

*4. Jaribu zipu, vifungo na lastiki.* Pandisha na ushushe zipu mara mbili au tatu. Hesabu vifungo. Vuta lastiki ya kiuno kisha uiachie: ikibaki imelegea, au ukisikia inakwaruza kama mchanga, imekufa.

*5. Nusa.* Harufu ya dawa ya kufukizia hutoka kwa kufua na kuanika. Harufu ya uvundo wa unyevu ni jambo jingine. Ikiambatana na vidoadoa vyeusi, hiyo ni kuvu, na kwenye pamba madoa yake huwa sugu. Iache.

Kitambaa na hali ya hewa yetu

Joto na unyevunyevu wa Pwani vinahitaji kitambaa kinachopitisha hewa. Soma lebo ya ndani. Pamba na kitani hufyonza jasho na hufaa kwa mavazi ya kila siku. Poliesta haikunjamani upesi na hukauka haraka, lakini hushikilia joto na harufu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ni chaguo la wengi kwa mashati ya shule na kazi.

Lebo pia hueleza namna ya kufua. Alama ya beseni lenye mkono ndani yake inamaanisha fua kwa mkono. Pembetatu iliyokatwa inamaanisha usitumie dawa ya kung'arisha. Duara huhusu usafishaji wa dobi kwa kemikali bila maji, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya nguo yenyewe.

Usitegemee namba ya saizi pekee, kwa kuwa nguo hutoka nchi mbalimbali. Gauni la namba 12 la Uingereza hukaribiana na namba 8 ya Marekani na namba 40 ya nchi nyingi za Ulaya. Beba futi ya kushonea, au kamba uliyoifunga fundo kwenye kipimo cha kiuno na kifua cha unayemnunulia.

Viatu: pinda soli

Viatu vya michezo vinaweza kuonekana vipya kabisa na bado vikafunguka ukivivaa siku ya kwanza. Soli nyingi laini hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huoza polepole kwa unyevu hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa tu bila kuvaliwa. Joto huharakisha uharibifu huo. Pinda kiatu katikati, kisha bonyeza soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogondogo, unga, au ukihisi soli inanata, kirudishe. Tazama pia kisigino: kilichoisha upande mmoja kitamfanya mvaaji atembee vibaya.

Afya ya familia

Nguo za ndani ni bora zinunuliwe mpya. Viwango vya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haviruhusu nguo za ndani zilizovaliwa kuingizwa nchini.

Nguo nyingine zote zifuliwe kabla ya kuvaliwa, hata zikionekana safi. Zinazostahimili maji moto zifuliwe kwa maji moto, zianikwe kwenye jua kali na kupigwa pasi, hasa kwenye mishono ambapo mayai ya chawa hujificha. Nguo isiyofulika kwa maji moto ifunge vizuri kwenye mfuko kwa muda wa wiki moja. Vimelea vya upele kwa kawaida haviishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya ngozi ya binadamu. Ukipatwa na muwasho usioisha baada ya kuvaa nguo, nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa watoto wachanga, ondoa kamba za shingoni na kaza vifungo vilivyolegea. Kamba inaweza kumkaba mtoto, na kifungo kinaweza kumezwa.

Bei nafuu ni ipi?

Chukua mfano wa mashati mawili. La kwanza ni shilingi 100 na litadumu miezi 2. La pili ni shilingi 250 na litadumu miaka 2. La kwanza litakugharimu shilingi 50 kwa mwezi, la pili shilingi 10 na senti kidogo. Mwenye pesa chache ndiye hasa asiyeweza kumudu shati la shilingi 100.

Ongeza pia gharama ya fundi. Zipu mpya au kupunguza kiuno kunaweza kulipa ikiwa kitambaa ni kizima. Kitambaa kilichosagika hakina fundi. Kasoro ndogo uliyoiona itumie kuomba kupunguziwa kwa heshima: "Mama, nguo ni nzuri, lakini zipu hii itanipeleka kwa fundi. Nipunguzie hamsini." Muuzaji mzoefu ataelewa, kwani naye ana familia na ushuru wa soko wa kulipa. Ukimaliza kukagua, rudisha nguo ulipoikuta. Nguo iliyotupwa chini na kukanyagwa ni hasara yake.

Kabla ya kutoka nyumbani

- Andika unachohitaji na kiasi ulichopanga kutumia.
- Beba futi au kamba ya kipimo.
- Vaa nguo nyepesi inayobana kidogo, ili uweze kujaribu shati au gauni juu yake.
- Beba mfuko wako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.
- Weka pesa na simu mahali salama. Mikono yako yote miwili itakuwa kwenye nguo.

Ukifika, usiruhusu kelele za "chagua, chagua" zikuharakishe. Muuzaji anayejua mali yake ni safi hatakukataza kuigeuza. Akikukataza, songa mbele kwenye meza inayofuata.