Meli Gani Igeuzwe Hospitali? Hesabu ya Bahari na Hesabu ya Lualaba

Anayechora meli ya kubuni, ile ya abiria yenye bomba refu la moshi na safu za madirisha, kisha akaigeuza hospitali kwenye karatasi, ana swali moja na mtu mwenye fedha mkononi: aanze na chombo cha namna gani? Achukue meli ya abiria iliyozeeka, kivuko, meli ya mafuta, au aunde kipya kabisa?

Kwa mtu wa Kailo, teritwari ya Maniema huko Kongo, swali hili linaanzia mlangoni kwake. Lualaba inapita katika teritwari, mito kama Elila inaingia humo, na mgonjwa wa kijiji cha mtoni anayehitaji kupasuliwa hupelekwa mji wa Kindu kwa mtumbwi. Wazo la hospitali inayoelea linapendeza, na ndugu walioko Kinshasa au Ulaya wanaokusanya michango ya nyumbani wanaweza kulipenda haraka. Kabla ya mchango kutoka mfukoni, tulinganishe chaguo zilizopo, kuanzia zile kubwa ambazo dunia imekwisha kuzijaribu.

Tuanze na meli ambayo wazee wa pwani ya Waswahili waliijua kwa macho. SS Uganda iliundwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1952, ifanye kazi kati ya London na bandari za Afrika Mashariki: Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, hadi Beira. Ndege zilipowachukua abiria wake, wenye meli hawakuiuza kwa chuma chakavu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliipeleka Hamburg, wakaondoa nafasi za mizigo na kuweka mabweni ya wanafunzi zaidi ya 900, ikawa shule inayosafiri baharini. Aprili 1982, vita vya visiwa vya Falkland vilipoanza, serikali ya Uingereza iliichukua ikiwa safarini na wanafunzi. Watoto wakashushwa Naples, meli ikaenda Gibraltar, na kwa siku tatu hivi mafundi wakaifanya hospitali: mabweni yakawa wodi, nyuma ikajengwa sitaha ya kutulia helikopta, misalaba myekundu ikapakwa ubavuni. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, wa pande zote mbili.

Mchoraji ajifunze kwanza hapo. Siku hizo tatu zilitosha kwa sababu kazi kubwa ilikuwa imefanywa miaka mingi nyuma, pale Hamburg. Meli tayari ilikuwa na vyumba virefu vilivyo wazi vyenye vitanda vingi, jiko la kulisha mamia na vyoo vya kutosha umati. Meli ya kifahari yenye vyumba vidogo vya watu wawili wawili ingewatesa mafundi. Kila ukuta ungepaswa kubomolewa, na milango yake isingepitisha machela. Kwa hiyo ukichagua meli ya abiria, kwenye karatasi au sokoni, tafuta ile iliyobeba wengi kwa pamoja. Meli ya mahujaji, ya wanajeshi au ya wanafunzi ni bora kuliko ya matajiri.

Bei ya kununua nayo hudanganya. Shirika la Mercy Ships lilinunua meli ya abiria ya Kiitaliano, Victoria, iliyoundwa mwaka 1953, kwa takriban dola milioni moja. Hiyo ilikuwa bei ya chuma chakavu, na kwa meli yenye urefu wa karibu mita 160 ni kama zawadi. Ilinunuliwa mwaka 1978, lakini ikaanza kazi kwa jina la Anastasis mwaka 1982 tu, ikiwa na vyumba vitatu vya upasuaji na wodi ya vitanda 40 hivi. Miaka minne ilikwenda kwenye mabomba, nyaya, lifti na mitambo ya umeme. Katika miaka hiyo yote meli hula: lazima ilindwe, ilipiwe gati, itolewe maji yanayoingia, na mlinzi apate chakula.

Baadaye walichagua kivuko cha treni cha Denmark, Dronning Ingrid, cha mwaka 1980. Hapa walikuwa na akili. Kivuko cha treni kina sitaha pana, tambarare, isiyo na kuta za katikati, na sakafu iliyoundwa kubeba mabehewa haiogopi uzito wa mashine za hospitali. Hata hivyo kilinunuliwa mwaka 1999, na kikaanza kutibu kwa jina la Africa Mercy mwaka 2007. Miaka minane. Baada ya uzoefu huo, meli yao iliyofuata hawakuigeuza kutoka kitu kingine. Waliagiza Global Mercy iundwe upya China, yenye urefu wa mita 174 na vyumba sita vya upasuaji, wakakabidhiwa mwaka 2021. Waliojua gharama za kukarabati kuliko mtu yeyote waliishia kununua kipya, na mimi nauchukulia uamuzi huo kama ushahidi mzito kuliko maelezo ya muuzaji yeyote wa meli kuukuu.

Chaguo la tatu ni meli ya mafuta. Jeshi la majini la Marekani liligeuza mbili katika miaka ya 1980, Mercy na Comfort, kila moja ikiwa na urefu wa mita 272, vitanda 1,000 na vyumba 12 vya upasuaji. Ni kubwa kupita kiasi, na zina kasoro ambayo mchoraji angependa kuijua mapema: kuta nene zilizotenganisha matangi zilibaki ili kuzuia maji yasisambae. Huwezi kupita ukutani kwenda wodi ya pili. Panda hadi sitaha ya juu, tembea, ushuke tena. Mgonjwa akiwa kwenye machela, njia hiyo inachosha wauguzi na kupoteza dakika. Tena ukubwa peke yake hauleti wagonjwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Comfort ilifunga gatini New York kwa wiki kadhaa na kutibu watu 182 tu.

Kuna jambo ambalo picha za meli hizi hazionyeshi. Meli ya hospitali haizunguki kama daladala. Africa Mercy ilizoea kukaa bandari moja kwa takriban miezi kumi, kwa sababu aliyepasuliwa lazima afunguliwe nyuzi, achunguzwe kidonda, afundishwe kutembea. Ilikaa hivyo Pointe-Noire mwaka 2013 na 2014. Tena wafanyakazi wake wengi ni watu wa kujitolea wanaolipia wenyewe chakula na malazi yao. Mshahara, ambao katika hospitali nyingi ndio mzigo mkubwa kuliko yote, haumo katika hesabu yao. Muuguzi wa Kailo ana watoto wa kusomesha. Atalipwa, na ni haki yake.

Sasa turudi mtoni, ambako hesabu hubadilika kabisa.

Hakuna meli ya bahari itakayofika Kindu. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko ya Boyoma, ambayo ndiyo yaliyowalazimu Wabelgiji kujenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka. Kusini kuna maji mengine yasiyopitika kuelekea Kongolo. Kilichobaki kwa vyombo vya Kindu ni kipande cha zaidi ya kilomita 300 kwenda Ubundu. Chombo cha chuma cha kufanya kazi hapo kinaundwa hapo hapo, au kinaletwa vipande vipande kwa treni na lori. Inawezekana, jirani zetu wa Tanganyika wanao mfano. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku 5,000 hivi, ikapita Dar es Salaam na reli hadi Kigoma, ikaungwa tena. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza upya. Lakini nyuma yake ilikuwapo himaya na reli mpya. Shirika la maendeleo la Kailo halina vitu hivyo.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na kimo chetu: Jubilee Hope, meli ya matibabu ya shirika la Vine Trust la Uskoti, inayohudumia visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Ni ndogo, inakwenda kisiwa hadi kisiwa kwa ratiba, na inatoa kliniki. Visiwa vinaifaa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuvifikia. Kailo ina njia nyingine, mbaya lakini zipo, na makao yenyewe ya teritwari yako bara, mashariki ya mto. Mtu wa migodini huko hatafaidika na chombo chochote kinachoelea mpaka afike Alunguli, ng'ambo ya Kindu, avuke.

Kwa Kailo naona chaguo nne zinazostahili kulinganishwa.

Ya kwanza ni tishali, lile boti tambarare la chuma lisilo na mtambo, linalosukumwa na jingine. Kwa ramani ya hospitali ndilo tamu kuliko yote. Ni pana, halitikisiki, halihitaji maji ya kina kirefu, na sitaha yake inaweza kujengwa chumba cha kuzalisha, maabara na wodi ndogo. Paa lake linabeba sahani za umeme wa jua. Linakaa wiki moja kwenye bandari ya kijiji bila kuchoma mafuta ya mwendo. Ila chuma chake ni ghali kukileta Kindu, na wakati wa kiangazi, mchanga unapotokeza katikati ya mto, chombo kizito kikikwama hakivutwi kwa kamba za vijana.

Ya pili ni balenieri, mashua kubwa ya mbao ambayo mafundi wa mtoni wanaijua vizuri. Mbao ni za hapa, kalafati ni ya hapa, na ikitoboka hakuna anayesubiri bamba kutoka Lubumbashi. Kama kliniki ya chanjo, ya wajawazito, ya vipimo vya malaria na ya dawa, inatosha. Friji la chanjo la umeme wa jua linaenea ndani. Chumba cha upasuaji usikiweke humo. Mbao hulowa, hunyonya damu na uchafu, hazisafishiki kama chuma au vigae.

Ya tatu ni mashua nyembamba ya dharura, yenye paa, nafasi ya machela moja na mtambo wa nje. Hapa mafuta ndiyo mwamuzi. Mtambo wa esansi wa nguvu farasi 40 ukiendeshwa hadi mwisho hunywa takriban lita 15 kwa saa. Chukua mfano wa kijiji kilichoko kilomita 60 chini ya Kindu, mashua yenye kasi ya kilomita 18 kwa saa, na mkondo wa kilomita 5 kwa saa. Lualaba inakwenda kaskazini, kwa hiyo mgonjwa wa huko, kama yule wa mdomo wa Elila, anapanda dhidi ya maji. Kupanda kutachukua zaidi ya saa nne na nusu, lita 69 hivi. Kushuka saa mbili na nusu na zaidi kidogo, lita 39. Jumla lita 108 kwa mgonjwa mmoja. Zidisha kwa bei ya lita sokoni kwenu leo, kisha zidisha kwa idadi ya kina mama wenye uchungu uliokwama kwa mwaka. Mtambo wa mazutu wa nguvu hiyohiyo ungekunywa lita 9 hivi kwa saa. Ni mzito na ghali kuununua, lakini anayepanga kuutumia miaka mitano auchukue huo.

Ya nne haielei. Pikipiki yenye kitanda cha pembeni, kwa kilomita 120 za kwenda na kurudi, haimalizi lita 6. Tofauti hiyo na mashua ni kubwa mno kuipuuza. Mvua ikinyesha, barabara ikageuka tope, bado wanaume wanne watambeba mgonjwa kwa kipoyi hadi pale pikipiki inapopita. Kwa Kailo ya bara hakuna chaguo linaloikaribia.

Kama fedha ingekuwa yangu kuigawa, nisingejenga chumba cha upasuaji juu ya maji. Hospitali ya Kindu ipo, ina madaktari na ina sakafu isiyosogea. Inachokosa mara nyingi ni damu, oksijeni na umeme usiokatika. Mashine ya kuvuta oksijeni ya lita 5 kwa dakika inahitaji wati 350 hivi, na sahani za jua zenye betri zinaweza kuiendesha usiku kucha. Fedha ya bodi la tishali ingeiwezesha hiyo kwa wodi nzima. Baada ya hapo pikipiki za bara, balenieri moja ya kliniki yenye ratiba inayotangazwa kanisani na msikitini, na mashua moja ya dharura itakayolala mdomoni mwa Elila badala ya kulala Kindu, ili isianze safari kwa kwenda kumfuata mgonjwa.

Mtakaponunua mashua hiyo, kataeni mtambo wa aina ambayo hakuna mwingine wake bandarini, hata ukiletwa kama zawadi. Chukueni ule ambao wasafirishaji wa Kindu wanautumia tayari, kwa kuwa fundi wake yupo na vipuri vinauzwa. Mitambo miwili midogo ni afadhali kuliko mmoja mkubwa. Mmoja ukizimika usiku katikati ya mkondo, wa pili utafikisha. Pangaboi la akiba lifungwe ndani ya mashua yenyewe, majaketi ya kuelea yawe manne au zaidi, na ufunguo wa pipa la mafuta akae nao mkunga wa zamu.